Rekodi wimbo wako mwenyewe, kisha uutoe watu wausikie

Simu za watu wengi wanaopenda muziki zimejaa vipande: kiitikio cha sekunde ishirini kilichoimbwa kwa sauti ya chini ili mwenye nyumba asiamke, mdundo uliopigwa kwa vidole juu ya meza, ubeti usio na mwenzake. Nilikaa na vipande vyangu miaka mingi nikijiambia kwamba nasubiri vifaa. Vifaa vilipopatikana, vipande vilibaki vipande. Nilichokosa ni utaratibu: kipi kianze, kipi kifuate, na lini niseme basi, imetosha, wimbo uende.

Utaratibu huo ndio ninaokuwekea hapa. Ni wa mtu anayeimba au kupiga ala kwa mapenzi, asiye na studio wala prodyuza. Chagua wimbo mmoja tu, tena ule mfupi, uufuate hatua kwa hatua hadi mwisho. Wimbo mmoja uliokamilika utakufundisha kuliko vipande thelathini.

Hatua ya 1: Malizana na wimbo kabla ya kugusa maiki

Imba wimbo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Ukikwama, ujue bado haujaiva. Tafuta mahali sauti yako inapopanda juu kuliko kwingine kote. Ukiona shingo inakaza hapo, shusha ufunguo nusu toni au toni nzima. Wengi wetu tunatunga tukiwa tumekaa, kwa sauti ya kunong'ona, halafu siku ya kurekodi tunataka kuimba kwa nguvu na ufunguo unatusaliti.

Weka mwendo kwa metronomu (kifaa kinachopiga mapigo ya mwendo), ya simu inatosha. Jaribu miendo mitatu tofauti, kwa mfano mapigo 84, 88 na 92 kwa dakika, na kila mmoja uimbe ubeti na kiitikio. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mdomo utakwambia papo hapo ni upi unaoyapa maneno nafasi ya kutamkwa. Andika namba hiyo pamoja na ufunguo na mpangilio wa wimbo: utangulizi, ubeti, kiitikio, na kadhalika.

Sasa rekodi wimbo wote kwa simu, vibaya vibaya, kisha uuache siku mbili. Ukirudi, usikilize huku ukitembea au ukifanya kazi za mikono. Pale utakapojikuta umeacha kusikiliza na kuwaza mambo mengine, hapo ndipo pa kupunguza. Mara nyingi ni utangulizi mrefu au kiitikio cha tatu.

Hatua ya 2: Vifaa, kwa ufupi

Simu inatosha kuanzia. Kama programu yake ya kurekodi inakuruhusu kuchagua aina ya faili, chagua WAV badala ya faili iliyobanwa, na uiweke simu katika hali ya ndegeni ili mtu asikupigie katikati ya ubeti. Ukiwa na kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure na ipo tangu mwaka 2000. GarageBand huja bure kwa wenye vifaa vya Apple. BandLab hufanya kazi kwenye simu na kwenye kivinjari. Zote zinakuwezesha kurekodi traki (safu ya sauti iliyorekodiwa peke yake) moja juu ya nyingine, na hilo ndilo la lazima. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ilipotoa Portastudio, mashine ya kaseti yenye traki nne, wanamuziki wa nyumbani waliiona kama mbingu imefunguka. Simu yako leo ina zaidi ya hizo.

Ukitaka kununua kitu, mpangilio wangu ni huu: hedifoni zinazofunika sikio zima kwanza, kisha kadi ya sauti (kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta), kisha maiki. Hedifoni zisiwe za bluetooth, kwa sababu sauti yake huchelewa kufika sikioni na utaimba nyuma ya mdundo bila kujua. Kuhusu maiki, zile za kondensa hunasa kila kitu, pamoja na chumba kibaya na majirani. Za dainamiki hazina wepesi huo, na kwa sababu hiyo husamehe zaidi. Kwa chumba cha kawaida cha kulala mimi ningeanza na dainamiki.

Hatua ya 3: Chumba

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo rekodi nyingi za nyumbani zinapoharibika, na watu huilaumu maiki.

Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mwembamba unaofuata, kama ukuta unakujibu, basi maiki nayo itausikia kila utakapotamka neno. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kama ukuta uko mita moja tu nyuma yako, sauti inayogonga hapo na kurudi imetembea kama mita mbili zaidi, hivyo inaifikia maiki karibu milisekunde 6 baada ya ile iliyotoka mdomoni moja kwa moja. Sikio haliwezi kuzitenganisha hizo mbili. Zinachanganyika, baadhi ya masafa (sauti za juu na za chini zilizomo ndani yake) yanafutana na mengine yanaongezana, na sauti yako inatoka kama umeimba ukiwa umeingiza kichwa kwenye ndoo. Hakuna programu itakayoiondoa ndoo hiyo vizuri.

Dawa ni vitu laini na vizito: godoro, mablanketi mazito, nguo nyingi zilizotundikwa, mapazia. Pazia jepesi peke yake halisaidii sana. Lakini swali ni uviweke wapi. Wengi huvitundika nyuma ya maiki, upande ule wanaoutazama wakiimba. Maiki nyingi za kuimbia zinasikia mbele na kuziba nyuma. Mbele ya maiki ni wewe, na ukuta ulio mgongoni kwako. Kwa hiyo godoro liende nyuma ya mgongo wako. Kabati la nguo lililofunguliwa ni bora zaidi: ligeuzie mgongo, maiki ikutazame wewe na nguo. Nilipofanya hivi mara ya kwanza sikununua kitu chochote, nilihamisha tu mahali pa kusimama, na sauti ikasogea karibu kana kwamba mtu amefuta vumbi kwenye kioo.

Usisimame kwenye kona, kwa sababu besi hujikusanya huko, wala katikati kabisa ya chumba.

Kisha sikiliza ukimya. Vaa hedifoni, fungua maiki, usiimbe kitu kwa dakika nzima. Utasikia feni, saa ya ukutani, kiti kinacholia, na friji. Vyote vizime au vitoe nje. Ukizima friji, weka funguo zako ndani yake. Hutaweza kutoka nyumbani bila kukumbuka kuiwasha tena.

Hatua ya 4: Kiwango cha sauti inayoingia

Kwenye rekodi ya kidijitali kuna dari, nayo ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 0. Sauti ikigonga dari hiyo inakatwa kichwa, na mkato huo hubaki ndani ya faili. Niliwahi kuimba hadi usiku wa manane nikapata teki (jaribio moja la kurekodi) niliyoipenda kuliko zote. Asubuhi nikakuta lile neno moja la juu, ambalo wimbo wote ulikuwa unalielekea, limechanika. Nililirudia mara nyingi na halikutoka tena vile.

Kosa langu lilikuwa kupima kiwango kwa kusema "moja, mbili, moja, mbili". Usipime hivyo. Imba sehemu ya juu kabisa ya wimbo, kwa nguvu zote, na urekebishe geini (kiasi cha sauti inayoingia) mpaka vilele vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Halafu punguza kidogo tena, kwa sababu hisia zikikupanda utaimba kwa nguvu kuliko ulivyopima.

Usiogope kwamba sauti itakuwa ndogo. Rekodi kwa biti 24 (usahihi wa kila kipimo cha sauti), na sampuli, yaani vipimo hivyo, 44,100 au 48,000 kwa sekunde. CD za kawaida zilitumia biti 16 na sampuli 44,100. Biti hizo nane za ziada zinakupa nafasi kubwa kati ya sauti yako na mvumo wa mashine, kwa hiyo unaweza kurekodi chini na kupandisha baadaye bila hasara.

Hatua ya 5: Rekodi

Anza na mdundo wa metronomu, kisha traki ya kukuongoza: gitaa au kinanda pamoja na sauti yako, si lazima iwe nzuri. Juu yake weka ngoma au mdundo, kisha besi, kisha ala nyingine, na mwisho sauti ya kuimba. Traki ya kuongoza utaifuta baadaye. Ukijisikia unachelewa kwenye hedifoni, ingia kwenye mipangilio ya programu upunguze ukubwa wa bafa, yaani kiasi cha sauti kinachokusanywa kabla ya kuchakatwa. Bafa ya sampuli 128, ukirekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, ni chini ya milisekunde 3, na hapo hutausikia ucheleweshaji wa bafa yenyewe.

Gitaa la kawaida lisirekodiwe kwa kuelekeza maiki kwenye tundu lake. Tundu linatoa besi nzito inayovuma. Elekeza mahali shingo inapoungana na mwili, kwenye kituo (kile chuma chembamba cha shingoni) cha 12 au karibu na hapo, umbali wa sentimita 20 hadi 30.

Kwa kuimba, kaa shubiri moja kutoka kwenye maiki. Nyoosha kidole gumba na kidole kidogo, gumba liguse mdomo na kidogo kiguse maiki. Hapo ndipo pa kuanzia. Ukisogea karibu zaidi, maiki ya kawaida ya kuimbia itaongeza besi kwenye sauti yako. Ni tabia ya maiki hizo, na unaweza kuitumia: ubeti wa siri, wa kunong'ona, usogelee, kiitikio cha kupaza, rudi nyuma kidogo. Ila usiyumbe ovyo katikati ya mstari.

Sikiliza herufi P na B. Tamka "papo kwa papo" mbele ya maiki na utasikia upepo ukigonga kama mlango. Kuna kichujio cha kitambaa kinachowekwa mbele, na kama huna, isogeze maiki kidogo pembeni ya mdomo, ikitazama midomo yako kwa mshazari. Upepo unapita, sauti inabaki.

Vua upande mmoja wa hedifoni ili usikie sauti yako halisi chumbani. Waimbaji wengi wanaotoka nje ya ufunguo wanapona kwa hilo tu.

Imba wimbo wote mara tatu bila kusimama, hata ukikosea. Usisikilize kati ya teki na teki. Kisha pumzika, kunywa maji, na sasa rudia mistari michache unayojua hukuipata. Baada ya teki sita au saba koo huanza kudanganya. Ni afadhali urudi kesho. Na kila teki uipe jina lenye maana, kama "sauti-kuu-teki-2". Faili lenye jina "Audio_0047" halitakwambia kitu wiki ijayo.

Hatua ya 6: Chagua na usafishe

Sikiliza teki zote ukiwa na karatasi ya maneno, mstari kwa mstari, na uandike namba ya teki bora pembeni. Usichague teki safi kuliko zote. Chagua ile iliyokufanya uamini maneno. Noti iliyopinda kidogo husameheka, lakini mstari ulioimbwa bila moyo hauna dawa. Unganisha vipande hivyo katika traki moja, na kila kiungo ukipitishe kwa kufifisha kidogo ili pasisikike mkato.

Punguza pumzi zinazovuma, lakini usizifute zote. Mwimbaji asiyevuta pumzi anamchosha msikilizaji, ingawa msikilizaji mwenyewe hatajua kwa nini.

Hatua ya 7: Miksi, yaani kuchanganya traki

Shusha traki zote hadi chini kabisa. Pandisha sauti ya kuimba kwanza, kisha kila ala moja moja, kwa kutumia vitelezi vya sauti tu, bila kugusa kitu kingine. Tumia nusu saa hapa. Miksi nyingi zinazohitaji ufundi mwingi zinahitaji kwa kweli gitaa lishuke desibeli tatu.

Kisha sambaza ala. Sauti kuu, besi na ngoma kubwa zikae katikati; gitaa liende kushoto kidogo, kinanda kulia kidogo, waitikiaji pande zote mbili. Weka kichujio kinachokata masafa ya chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 hivi kwenye kila kitu isipokuwa besi na ngoma kubwa, maana huko chini kwenye traki ya sauti hakuna wimbo, kuna mitikisiko ya sakafu na magari. Ikiwa miksi ina ukungu, tafuta kati ya hezi 200 na 400 kwenye gitaa na kinanda, upunguze kidogo. Kompresa (zana inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) kwenye sauti kuu, uwiano wa 3 kwa 1, ishushe vilele kwa desibeli chache tu. Mwangwi uwe wa mwisho: ongeza mpaka uusikie, kisha punguza mpaka usiusikie waziwazi, lakini ukiuzima ukose kitu.

Fanya kazi hii kwa sauti ya chini. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwamba sikio la mwanadamu halisikii masafa yote sawa, na kwamba usawa wake hubadilika kadiri sauti inavyopanda. Ukifungulia kwa nguvu, besi inajaa na kila kitu kinaonekana kitamu. Ukishusha, utamu unatoweka na makosa yanajitokeza. Miksi inayopendeza kwa sauti ya chini itapendeza pia ikifunguliwa. Kinyume chake si hakika.

Geuza miksi kuwa mono (kushoto na kulia vikiwa sauti moja) usikilize kama kuna ala iliyopotea. Sikiliza kwenye spika ndogo ya simu, kwenye gari, na ukiwa chumba cha pili mlango wazi. Maneno yakisikika kutoka chumba cha pili, umefika. Na kila baada ya dakika arobaini, toka nje. Sikio lililochoka huongeza ukali usiohitajika.

Hatua ya 8: Faili la mwisho

Kazi ya masteringi, yaani umaliziaji wa miksi, kwa wimbo mmoja wa nyumbani ni ndogo: marekebisho mepesi, na limita inayozuia vilele visipite desibeli -1. Usihangaike kuufanya wimbo uwe na kelele kuliko nyingine. Spotify, kwa mipangilio yake ya kawaida, husawazisha nyimbo kufikia takriban LUFS -14, yaani kipimo cha sauti kama sikio linavyoihisi. Ukiubana wimbo ukapiga kelele zaidi ya hapo, utashushwa tu, na utabaki na wimbo uliobanwa.

Toa faili la WAV kwa ajili ya kusambaza, na la MP3 la kilobiti 320 kwa ajili ya kuwatumia rafiki. Nakili mradi wote, pamoja na traki zote, kwenye diski nyingine au hifadhi ya mtandaoni. Fanya hivyo siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Haki, kabla hujautoa

Katika nchi zilizo ndani ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambazo ni karibu zote duniani, hakimiliki huwa yako mara tu unapotunga; hulazimiki kusajili ili iwepo. Kumbuka lakini kwamba kuna haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi yenyewe. Ukiimba upya wimbo wa mtu mwingine, rekodi ni yako, utunzi si wako, na kibali kinahitajika.

Biti, yaani mdundo uliotengenezwa tayari, uliyoipakua intaneti ina leseni. Isome yote. "Bure" mara nyingi maana yake ni bure kwa mazoezi, si kwa kuuza. Leseni za Creative Commons husema wazi: BY ni kumtaja mwenye kazi, NC ni kutotumia kibiashara, ND ni kutobadilisha.

Kama mlikuwa wawili au watatu, kaeni kabla ya kutoa wimbo mwandike: nani katunga nini, na nani ana asilimia ngapi. Ujumbe mfupi ambao wote mmeujibu "nimekubali" ni bora kuliko kumbukumbu. Kuzungumza haya wimbo ukiwa hauna hata msikilizaji mmoja ni rahisi. Baadaye urafiki huwa ndani ya mazungumzo, na nimeona bendi ya watu waliopendana ikivunjika kwa kiitikio ambacho kila mmoja aliamini ni chake.

Hatua ya 10: Utoe

Kabla ya umma, wape watu watatu. Mmoja awe mpigaji ala, mmoja asijue chochote kuhusu kurekodi. Usiwaulize kama ni mzuri, kwa sababu wanakupenda na watasema ndiyo. Waulize: neno gani hukulisikia? Ulichoka wapi? Unakumbuka mstari gani? Wawili wakitaja mahali pamoja, rekebisha. Akitaja mmoja, fikiria. Kisha funga kazi.

SoundCloud, Bandcamp na YouTube unapakia mwenyewe moja kwa moja. Spotify na Apple Music hupokea kupitia wasambazaji kama DistroKid, TuneCore au CD Baby; linganisha masharti yao, hasa kinachotokea kwa wimbo wako ukiacha kulipa. Jua pia kwamba tangu mwaka 2024 wimbo kwenye Spotify lazima usikilizwe angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 ndipo uanze kuhesabiwa malipo. Kwa anayeanza, mimi ningeweka nguvu pale ambapo msikilizaji anaweza kukuandikia neno, kuliko pale anapobaki namba.

Andaa picha ya mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000, isiyo ya mtu mwingine. Andika jina lako la kisanii namna moja kila mahali, herufi kwa herufi, na uwataje wote walioshiriki. Msambazaji atakupa namba ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, inayoitambulisha rekodi hiyo; ihifadhi. Weka tarehe ya kutoka wiki tatu au nne mbele.

Siku ikifika, tuma kiungo kwa mtu mmoja mmoja, ukimwambia kwa nini umemfikiria yeye. Inachukua jioni nzima, na ndiyo njia pekee iliyowahi kuniletea majibu ya kweli.

Baadhi ya majibu hayo yatakuwa ombi: mtu anataka kuongeza sauti yake, au kupiga zumari juu ya kiitikio chako. Ukikubali, usimtumie MP3. Toa kila traki kama WAV peke yake, zote zikianzia sekunde ya sifuri hata kama ala inaingia dakika ya pili, ili akiziweka kwenye programu yake, yoyote ile, zikae mahali pake zenyewe. Ndani ya folda weka faili dogo la maandishi lenye mwendo, ufunguo na majina ya walioshiriki.